KUJIFUNZA UKUBWANI SI AIBU
Nasaha kwa wafanyakazi wa bandarini na maofisini, na kwa wale wanaowaajiri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu kalamu na akili ya kuitumia. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, watu walipokuwa wamekwisha kutoka msikitini, alinijia mzee mmoja katika wazee wetu wa mtaa. Akakaa kitako mbele yangu, akanyamaza kitambo, kisha akanieleza jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Nimemwomba ruhusa nilisimulie bila ya kumtaja, naye akaniruhusu, kwa kuwa alijua ya kwamba si yeye peke yake aliyefikwa na jambo hilo.

Mzee huyu ni karani. Kwa miaka zaidi ya 30 amefanya kazi katika ofisi za mawakala wa forodha hapa Mombasa, wale wanaowatolea wafanyabiashara mizigo yao bandarini. Hati ya mkono wake ni nzuri mno, na daftari zake zilikuwa zikionyeshwa makarani wapya wapate kuiga. Kisha kompyuta zikaingia. Makarani wote walifundishwa kwa siku chache, kwa Kiingereza cha mbio, na mwalimu kijana ambaye vidole vyake vilitangulia maneno yake. Mzee akatoka katika mafunzo yale hakufahamu kitu. Akaona haya kuuliza mbele ya vijana ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewafunza kazi. Basi akampa mmoja wao neno lake la siri la kufungulia mtambo, na yule kijana akawa akimwingizia hati zake kila siku, naye mzee akikaa pembeni kana kwamba ndiye afanyaye.

Siku moja nambari ya kontena la mfanyabiashara mmoja ikaingia katika hati za mwingine. Kabla ya kosa kujulikana, mizigo ya wote wawili ililala bandarini, na ada ya kulaza mizigo ikawa ikipanda kila kukicha. Mmoja wa wenye mizigo alikuwa mama mjane mwenye duka dogo, ambaye mtaji wake wote ulikuwa ndani ya kontena lile. Wakuu walipoutazama mtambo wajue ni nani aliyeandika, waliliona jina la mzee.

Akaniuliza, "Maalim, mimi sikugusa kitu kwa mkono wangu. Je, nina dhambi?"

Sikumjibu upesi. Nilinyamaza kwa sababu nami nilikuwa na la kwangu. Mwaka ule ule madrasa yetu ilikuwa imepata kompyuta ya kuandikia majina ya wanafunzi na hesabu ya michango ya Waislamu. Mimi ndiye mwenye dhamana ya michango ile. Lakini nilikuwa nimemwachia mwanafunzi wangu kila kitu, nikiwaambia watu ya kwamba sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Nilichokosa ni ujasiri wa kukaa mbele ya kijana niliyemfunza alifu na be, nimwambie, "Nifunze." Basi maneno yatakayofuata nimejiambia mimi kwanza kabla ya kuwaambia nyinyi.

MITAMBO HAIKUANZA LEO

Wako wanaodhani ya kwamba balaa hii ya mitambo imewashukia wao peke yao. Na watazame Kilindini. Wazee wa wazee wetu walipakua majahazi katika Bandari ya Kale kwa mabega yao. Mwaka 1926 gati mbili za kwanza za maji marefu zikafunguliwa Kilindini, meli kubwa zikawa zinafunga gatini, na watu ikawabidi wajifunze kazi ya winchi na kreni. Makuli wakaizoea kazi hiyo, wakawa mafundi wake. Kuli hodari alijua kwa kutazama tu kamba ipi itakatika, na gunia lipi liwekwe chini na lipi juu hata shehena isielemee upande mmoja.

Kisha, tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston, ikiwa imechukua masanduku ya chuma 58. Aliyelifanya jambo hilo ni Malcom McLean, mtu wa malori, aliyechoka kuona mizigo ikishushwa kutoka katika lori na kupakiwa melini kipande kipande. Sanduku moja la futi 20 laweza kuchukua magunia ya kahawa takriban 300, kila gunia kilo 60. Zamani magunia hayo yalihitaji kundi zima la watu na muda mrefu. Leo kreni huliinua sanduku zima kwa dakika chache, na anayeliinua ni mtu mmoja aliyekaa juu katika kijumba cha vioo.

Makontena hayo yalifika kwetu katika miaka ya 1970. Mwaka 1978 Halmashauri ya Bandari ya Kenya iliundwa, na baadaye gati za Kilindini zikatengenezwa makusudi kwa kazi ya makontena. Mwaka 2008 ulianza kutumika mtambo wa kompyuta uitwao KWATOS, wa kuendesha shughuli za bandari, hata sehemu kubwa ya yaliyokuwa yakiandikwa kwa mkono yakahamia humo. Mwaka 2014 bandari ilipita hesabu ya makontena milioni 1 kwa mwaka, yakipimwa kwa kipimo cha futi 20. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kwa daftari na kalamu peke yake, hata makarani wangekuwa maelfu.

Basi mambo haya yana pande mbili, na mwenye insafu huzitazama zote. Migongo ya watu imepumzika, na kulabu na magunia havivunji tena mbavu za vijana kama zamani. Lakini pia mikono iliyokuwa ikihitajika mingi sasa yahitajika michache, na nyumba nyingi za Mombasa zilizolishwa kwa kazi ya gatini zimeonja dhiki. Asemaye ya kwamba mitambo ni neema tupu, hajakaa na watu hao. Na asemaye ya kwamba ni laana tupu, hajapata kubeba gunia.

MTAMBO SI BIDAA, WALA HIRIZI SI ILIMU

Baadhi ya ndugu zetu, wakishindwa na kazi mpya, hukimbilia dini wakaifanya ngao. Mmoja husema, "Haya ni mambo ya bidaa." Huyo hajui bidaa ni nini. Bidaa iliyokatazwa ni kuzua katika dini jambo ambalo Mwenyezi Mungu na Mtume wake hawakulileta. Ama mambo ya kilimo, na ufundi, na biashara, asili yake ni halali mpaka ipatikane dalili ya kuyaharamisha. Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wa Madina wakichavusha mitende, akatoa rai yake, nao wakaacha kuchavusha. Mavuno yakawa mabaya. Walipomwambia, aliwajulisha ya kwamba wao wayajua zaidi mambo ya dunia yao. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Ikiwa huyu ndiye Mtume, aliyeletewa wahyi, naye ameiacha kazi kwa wenye kuijua, wewe wapata wapi ruhusa ya kuipiga vita ilimu ya kazi kwa jina lake?

Mwingine husema, "Riziki imekwisha kuandikwa, nitahangaika na nini?" Riziki imeandikwa, hapana shaka. Lakini yule mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kamba na kumtegemea Mungu, aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Kujifunza kazi yako ndiko kumfunga ngamia wako.

Na wa tatu, ambaye hali yake yasikitisha zaidi, husikia ya kwamba watu watapunguzwa kazini, akaenda kwa mganga kununua hirizi aivae kiunoni ili bwana wake asimwone. Pesa anazompa mganga zingemtosha kumlipa mwalimu wa kompyuta. Ameacha sababu iliyo halali na yenye faida, akashika isiyo na faida duniani, na akhera ni khasara. Ndugu yangu, ikiwa hujui kuuendesha mtambo, hirizi haitauendesha kwa niaba yako.

MUHURI WA MTUME

Sasa turejee kwa mzee na suala lake. Yeye asema hakugusa kitu kwa mkono wake. Nilimjibu kwa kisa ambacho kila mwanafunzi wa hadithi akijua.

Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwapelekea barua wafalme wa nchi za mbali, aliambiwa ya kwamba watu wale hawasomi barua isiyokuwa na muhuri. Dasturi hiyo haikuwa ya Waarabu wa Madina. Ilikuwa dasturi ya ofisi za wageni. Je, Mtume alisema, "Sisi hatuna mambo hayo"? La. Alitengeneza pete ya fedha, ikachorwa jina lake na utume wake, akawa akipiga muhuri barua zake. Kisha akakataza mtu mwingine yeyote asichore pete yake kwa maandishi kama yale.

Zingatieni mambo mawili hapa, enyi ndugu. La kwanza, alikubali chombo kipya cha kazi mara tu ilipobainika ya kwamba kazi haiwezi kutimia bila ya chombo hicho. La pili, alipokikubali alikihifadhi. Hakuacha alama yake iwe mikononi mwa watu, kwa kuwa barua yenye muhuri ule ni kauli yake, na ahadi yake, na dhamana yake. Pete hiyo baada yake ilishikwa na Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman, kila mmoja akiichunga, mpaka ilipoanguka katika kisima cha Aris zama za Uthman, Mungu awawie radhi wote.

Basi neno lako la siri katika mtambo ndio muhuri wako. Kila kiandikwacho kwa neno hilo ni ushahidi wako mbele ya watu, na mbele ya Mwenyezi Mungu utaulizwa juu yake. Ukimpa mtu mwingine, hata akiwa mwaminifu kama ndugu yako, umetia sahihi karatasi tupu ukamwachia aijaze. Nilimwambia mzee, "Baba, dhambi ya kukosea nambari si yako wala si ya yule kijana, kwa kuwa mwanadamu hukosea, na kosa lisilokusudiwa husamehewa. Lakini tajiri wako alidhani anakulipa kwa kazi yako, na kumbe kazi haikuwa yako. Na yule mama alidhani mali yake iko machoni pa mtu mzoefu, na kumbe macho yale yalitazama pembeni kwa haya. Hapo ndipo penye dhambi, na mlango wa toba u wazi."

WATU WAWILI HAWAPATI ILIMU

Mujahid, mwanachuoni mkubwa katika Tabiina, alisema ya kwamba hapati ilimu mwenye haya wala mwenye kiburi. Imamu Bukhari amelitaja neno lake hili katika Kitabu cha Ilimu. Nami nimewatazama wafanyakazi wetu nikaona ya kwamba wanaoshindwa na mitambo mipya, wengi wao hawakushindwa kwa upungufu wa akili. Walishindwa kwa mojawapo ya maradhi haya mawili, na mara nyingi yote mawili hukaa katika kifua kimoja. Mtu huona haya kusema, "Sijui," na ukiichimba haya hiyo, chini yake utakuta kiburi: mimi ni mkubwa, mimi nimetangulia, itakuwaje nifunzwe na huyu?

Mtazameni Nabii Musa, amani zimshukie. Huyu ni Mtume aliyesemeshwa na Mola wake, kiongozi wa Bani Israili, mwenye kitabu. Alipojulishwa ya kwamba yuko mja mwenye ilimu ambayo yeye hanayo, hakusema, "Na aje kwangu." Alifunga safari ndefu na kijana wake, akapatwa na uchovu na njaa, mpaka wakafika penye makutano ya bahari mbili. Na alipomkuta Khidhr hakumwamrisha, bali alimwomba ruhusa amfuate, ili amfunze katika yale aliyofunzwa. Hivyo ndivyo Qur'ani inavyotusimulia katika Sura ya Al-Kahf, ambayo wengi wetu twaisoma kila Ijumaa. Twaisoma Ijumaa, na Jumatatu kazini twaona taabu kumuuliza kijana mahali pa kubonyeza.

Na mtazameni Zaid bin Thabit. Alikuwa katibu wa Mtume (s.a.w.), anajua kuandika, kazi yake yatosha. Mtume alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakuwa na amani barua zake ziandikwe na zisomwe na watu asiowaamini. Zaid hakusema ya kwamba hati aliyonayo yamtosha. Alijifunza kwa muda wa karibu nusu ya mwezi, akawa yeye ndiye aandikaye na asomaye. Ona hapa ya kwamba sababu ya kujifunza ilikuwa ni amana. Asiyejua chombo cha kazi yake hana budi kuitia kazi hiyo mikononi mwa mwingine, na aliyeitia mikononi mwa mwingine hawezi tena kuichunga.

Mtu atasema, "Zaid alikuwa kijana, na kichwa cha kijana ni chepesi." Ni kweli. Lakini Masahaba wengi walisilimu wakiwa watu wazima, wengine wakiwa na wajukuu, wakaanza kujifunza aya baada ya aya. Na hao ndio tuliopokea dini kutoka kwao. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Mimi nitaongeza: ujinga ni kutouliza mpaka mjane akalipa.

ASICHOKIJUA MTAMBO

Enyi wazee wangu, msidhani ya kwamba kwa kuja mtambo ilimu yenu imekuwa takataka. Nitawapa mfano katika kazi ya mzee huyu huyu.

Kila kontena lina nambari yake, herufi 4 na tarakimu 7. Tarakimu ya mwisho haikuwekwa kwa kuhesabia. Imewekwa ili kuzihakiki zilizoitangulia kwa kanuni ya hesabu, hata ukikosea tarakimu moja, aghalabu mtambo hukataa. Ni hekima kubwa, na aliyeifikiri amestahili kushukuriwa. Lakini mtambo wajua tu ya kwamba nambari imeundwa sawasawa. Haujui ya kwamba kontena hili si la mtu huyu. Haujui ya kwamba mwenye duka la vitambaa hana haja ya vipuri vya malori. Mzee wetu angelijua hilo kwa kutupa jicho mara moja, kwa kuwa amewajua wafanyabiashara hao na baba zao. Kijana aliandika nambari iliyo sahihi katika hati isiyo yake, na mtambo ukakubali. Mwenye ilimu ya kulizuia kosa lile alikuwa amekaa hatua moja tu kutoka hapo, amegeuza uso.

Jambo hili si geni katika tarehe ya Waislamu. Istanbul ulikuwa mji wenye wanukuzi wengi wa vitabu, watu wa kalamu na wino. Mwaka 1727 Ibrahim Müteferrika alipewa idhini ya Sultani ya kupiga chapa vitabu, baada ya Sheikh al-Islam kutoa fatwa ya kuruhusu, na kitabu chake cha kwanza, kamusi ya lugha, kilitoka mwaka 1729. Idhini hiyo haikuhusu Qur'ani wala vitabu vya dini. Ilihusu vitabu vya lugha na tarehe na mfano wa hivyo. Linalotuhusu hapa ni kwamba wanachuoni walitajwa kwa kazi ya kusahihisha yatakayopigwa chapa. Walifahamu ya kwamba chapa ikikosea herufi moja, huikosea katika kila nakala. Kwa hivyo kilipokuja chombo cha haraka, haja ya mtu mwenye ilimu ya zamani ilizidi.

Na hapa kwetu, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa amesoma kwa njia ya zamani, magotini kwa mashekhe. Lakini alipotaka kuwaamsha Waislamu wa pwani alitoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akawafikia watu ambao darsa lake lisingewafikia. Ilimu yake ilikuwa ya kale na chombo chake kipya, na hakuona mgongano baina ya viwili hivyo.

NENO KWA VIJANA

Nanyi vijana, msifurahi mkadhani nasaha hii ni ya wazee peke yao. Yule kijana aliyepewa neno la siri alidhani anamhurumia mzee. Huruma ya kweli ingekuwa kumfunza. Kumfanyia mtu kazi yake kila siku ni kumzidishia kilema. Na wako miongoni mwenu wasiotaka wazee wajue, ili wabaki wao ndio wanaohitajiwa. Hiyo ni kuficha ilimu, na mnajua onyo lake.

Mkimfunza mtu mzima, mfunzeni kwa adabu. Msimpokonye kifaa mkononi mkasema, "Lete, nitafanya mimi." Msicheke. Semeni naye kwa Kiswahili ikiwa ndicho anachokifahamu, na mrudie mara ya tatu kwa uso ule ule wa mara ya kwanza. Kumbukeni ya kwamba mtambo mnaoringia leo utakuwa kuukuu kabla ndevu zenu hazijaota mvi, na siku hiyo mtakaa nyinyi mbele ya watoto wenu, nao watawatendea kwa adabu waliyoiona kwenu.

NENO KWA WENYE KUAJIRI

Ama nyinyi matajiri na wakuu wa kazi, na wengi wenu ni Waislamu mnaosali nasi safu moja, wajibu wenu ni mzito zaidi. Mtume (s.a.w.) alimfunza Abu Dharr ya kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, na ya kwamba tusiwakalifishe kazi inayowashinda, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Mtambo mpya ni kazi mpya. Ukimpa mtu kazi mpya kwa mafunzo ya siku chache, kwa lugha asiyoimudu, kisha ukamhukumu kwa makosa yake, umemkalifisha na hukumsaidia. Nunua mtambo, lakini katika hesabu ya bei yake tia na gharama ya kuwafunza watu, kwa kuwa mtambo usio na mtu wa kuufahamu ni chuma tu.

Na wako wanaoufanya mtambo kisingizio. Yumo mzee aliyemtumikia tajiri miaka 25, amekaribia mafao yake, basi tajiri huleta kompyuta na kusema, "Huyu hawezi," bila ya kumjaribu. Ogopeni dua ya aliyedhulumiwa, kwa maana haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu.

Hekima ni kushauriana kabla, si kutangaza baada. Mwaka 1960, katika bandari za pwani ya magharibi ya Marekani, wapakuzi chini ya kiongozi wao Harry Bridges walikubaliana na wenye meli. Wafanyakazi hawatauzuia mtambo, na waajiri watatoa dola milioni 29 katika miaka 5 na nusu, ili walioandikishwa wapate dhamana ya mshahara na wazee wapate kustaafu kwa heshima. Si kwamba kila mtu aliridhika, na mwaka 1971 wapakuzi hao waligoma tena. Lakini walikuwa wamekubali msingi mmoja: faida inayoletwa na mtambo, sehemu yake ni haki ya yule ambaye mtambo umepunguza kazi yake. Watu hao si Waislamu, na sisi ndio tulioamrishwa kushauriana katika Qur'ani yetu. Je, si aibu kwetu wakatutangulia?

ALILOLITENDA MZEE

Pengine mwapenda kujua yalivyomalizika. Mzee alikwenda kwa mkuu wake akamwambia kweli. Hakufukuzwa, lakini alipewa barua ya onyo, naye akaipokea. Alibadilisha neno lake la siri siku ile ile. Kisha alikwenda kwa yule mama, akamwomba radhi, akajifunga kumlipa sehemu ya khasara kidogo kidogo. Mama alisamehe baadhi na nyingine akasema atailipa, kwa kuwa nayo ni haki yake na ana watoto. Mzee aliniambia ya kwamba usiku ule alilala.

Na jioni ya Jumamosi iliyofuata alikuja madrasani, akanikuta nimekwisha kukaa katika benchi. Mwalimu wetu sote wawili alikuwa yule mwanafunzi wangu, kijana wa miaka 19. Siku ya kwanza nilifuta kwa bahati mbaya orodha ya darasa zima, na mzee akacheka mpaka akatoa machozi. Siku ya tatu yeye aliweza kuandika barua kamili, nami bado nilikuwa nikitafuta herufi. Sasa hesabu ya michango ya Waislamu naiandika mwenyewe, polepole, na kila mwisho wa mwezi naisoma mbele ya wenye michango.

Darasa hilo lingalipo, kila Jumamosi na Jumapili baada ya Alasiri. Hapana ada. Makuli, makarani, walinzi wa magodauni, madereva, akina mama wa maofisini, wote mwakaribishwa, na akina mama wametengewa wakati wao na mwalimu wao wa kike. Hatutaki mtu aje na chochote isipokuwa ulimi ulio tayari kusema, "Sijui."

Ewe Mola wetu, tufunze yatakayotufaa, utunufaishe kwa uliyotufunza, na utuzidishie ilimu. Wape riziki ya halali waliopoteza kazi zao, na uzilainishe nyoyo za walio na uwezo juu yao. Utuondolee haya isiyo na kheri na kiburi kisicho na haki, utujaalie tuwe wenye kuchunga amana zetu, kubwa na ndogo. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.